Kompyuta Kongwe ya Nyumbani: Ipimwe Kumbukumbu Kabla ya Kutupwa

Wiki hii tunaingia katika chumba cha mbele cha nyumba zetu, kwenye ile meza ya pembeni ambako kompyuta ya mezani imefunikwa kitambaa cha kudarizi. Nyumba nyingi zinayo. Ilinunuliwa mtumba Kariakoo mtoto wa kwanza alipoingia sekondari, au baba aliuziwa ofisini mashine za zamani zilipokuwa zinatolewa. Ikapewa heshima yake miaka miwili mitatu, kisha ikaanza kusemwa. Ukiiwasha unaweza kwenda kuteka maji ukarudi haijawa tayari. Ukifungua barua moja na ukurasa mmoja wa intaneti kwa pamoja, kipanya kinaganda. Watoto wameihama, wamerudi kwenye simu, na neno linalosemwa juu yake ni moja tu: imezeeka.

Tungependa neno hilo lichunguzwe kabla halijapitishwa kuwa hukumu, kwa kuwa nyuma yake zimo fedha za familia. Kompyuta haizeeki kama azeekavyo punda. Prosesa iliyofanya mahesabu kwa kasi fulani mwaka 2012 inayafanya kwa kasi ile ile leo, madhali haijaharibika wala haijazibwa na vumbi. Kilichobadilika ni mzigo. Kurasa za intaneti za siku hizi zimejaa picha, video na programu ndogondogo zifanyazo kazi chini kwa chini, hata kivinjari peke yake, kikiwa na kurasa saba au nane zilizofunguliwa, chaweza kumeza kumbukumbu yote ambayo zamani ilitosha kuendesha kazi za karani kutwa nzima. Mashine haijadhoofika. Imetwishwa magunia mawili mahali pa moja.

Kumbukumbu tunayoizungumzia, ambayo mafundi huiita ramu, isichanganywe na diski inayohifadhi picha za harusi na kazi za shule. Mwenye jiko atalielewa jambo hili upesi. Diski ni stoo, na kumbukumbu ni meza iliyo mbele ya mpishi, mahali anapoweka kile anachokishughulikia sasa hivi. Mpishi wa pilau ya watu mia akipewa meza isiyobeba zaidi ya sahani mbili, atamaliza siku akienda na kurudi. Ataleta vitunguu, atavirudisha stoo ili apate pa kuweka nyama, ataifuata bizari, ataukumbuka mchele, atarudi tena kwenye vitunguu. Mikono yake haijapungua wepesi. Kinachommaliza ni safari.

Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Kumbukumbu ikijaa, mfumo wa Windows huchukua sehemu ya yaliyomo, ukayahamishia kwa muda kwenye diski, kisha huyarudisha yanapohitajika. Kumbukumbu hujibu ombi katika muda unaokaribia sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Diski ya zamani, ile yenye sahani izungukayo na mkono unaotafuta mahali pa kusoma, huhitaji takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Tofauti hiyo ni kama mara laki moja. Ile taa ndogo iliyo mbele ya kasha, inayowaka bila kupumzika huku ndani kukisikika mkwaruzo, mara nyingi ndiyo habari yenyewe: meza imejaa, mpishi yuko njiani.

Muundo wa kumbukumbu tuitumiayo ulibuniwa na Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM ya Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1968. Kila biti hutunzwa kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita inayovuja, kwa hiyo haina budi kujazwa upya kila mara. Katika vibao vya kawaida, kila sehemu hujazwa angalau mara moja katika milisekunde 64. Umeme ukikatika, kujaza kunakoma, na kila kilichokuwa mezani kinapotea. Aliyewahi kuchapa mtihani wa hisabati hadi ukurasa wa tatu, luku ikamwishia kabla hajauhifadhi, anaijua habari hii bila kufundishwa na mtu.

Mwezi uliopita tulipokea barua ya mama mmoja wa Mbagala, anayechapa mitihani ya shule mbili na kutengeneza kadi za mialiko nyumbani kwake. Mashine yake ilikuwa imefikia hali hiyo tuliyoieleza. Fundi wa mtaani akamwambia, "Mama, hii imekula chumvi nyingi, tafuta nyingine." Fedha anayo, lakini ni ile aliyoiweka kwa ajili ya ada ya binti yake chuoni, na muhula unafunguliwa karibuni. Akatuuliza: aitoe au asiitoe? Kazi ya kuchapa ndiyo inayolipa ada, na ada ndiyo inayoombwa iiokoe kazi ya kuchapa. Tunaamini si yeye peke yake aliyefungwa katika mduara huu.

Hatukumjibu ndiyo wala hapana. Tulimwomba kwanza afanye kipimo ambacho hakigharimu hata senti, na ambacho kila nyumba yenye Windows 10 inaweza kukifanya leo usiku. Afungue kazi zake zote kama anavyozifungua siku ya kazi: mtihani, kivinjari chenye barua pepe, programu ya kadi. Kisha abonyeze vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litafunguka. Likija dogo, abonyeze palipoandikwa "More details" chini yake, kisha achague "Performance" juu, na "Memory" upande wa kushoto. Hapo ataona kumbukumbu yote aliyonayo, kiasi kinachotumika kwa wakati huo, aina ya kasi ya vibao, na idadi ya nafasi zilizojazwa kati ya nafasi zote zilizomo. Asifunge dirisha hilo. Abonyeze "Disk" palepale, atazame asilimia yake kwa dakika mbili tatu huku akiendelea kuchapa.

Namba hizo zisomwe pamoja. Kumbukumbu ikiwa imetumika asilimia 85 na kuendelea, na diski nayo inagonga 100 mara kwa mara, kuna kila dalili kwamba maradhi ni uhaba wa kumbukumbu, na tiba yake ipo. Kumbukumbu ikiwa imetumika nusu tu lakini diski imekwama kwenye 100, kuongeza kumbukumbu ni kumwongezea mpishi meza ilhali mlango wa stoo ndio uliokwama. Na vyote viwili vikiwa shwari lakini prosesa, inayoonyeshwa kwa herufi CPU, haishuki kutoka 100, basi ama kuna programu iliyopotoka au kirusi kinachojificha, ama kazi inayofanywa imeizidi mashine kweli. Fundi anayetamka "ongeza ramu" au "nunua mpya" bila kuzitazama namba hizi anabahatisha, na bahati anayoichezea ni fedha ya mwenye mashine.

Majibu ya mama wa Mbagala yalikuja baada ya siku mbili. Kumbukumbu gigabaiti 4, inayotumika 3.6. Nafasi zilizojazwa 1 kati ya 4. Diski 100 karibu muda wote. Mashine yenyewe ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, moja ya zile zilizokuwa ofisini huko ng'ambo, ambayo kasha lake la ukubwa wa kawaida lina nafasi nne na hupokea hadi gigabaiti 32 za aina ya DDR3. Kwa maneno mengine, mama huyu alikuwa amekaa miaka juu ya mashine yenye meza nne, akiwa ametandikiwa moja. (Mwenye kutafuta habari za mashine hii aangalie mwaka, kwa kuwa Dell walilirudia jina hilo hilo mwaka 2023 kwa kompyuta tofauti kabisa.)

Je, anunue zote 32? Hata kidogo. Hapa ndipo israfu hujipenyeza ikiwa imevaa nguo za maendeleo. Kwa mtu anayeandika, anayesoma mtandaoni, anayepiga mahesabu na kuchapa, hatua inayohisika zaidi ni kutoka gigabaiti 4 kwenda 8. Kutoka 2 kwenda 4 kunaiokoa mashine isife, lakini bado itatweta. Kutoka 8 kwenda 16 kunamfaa anayehariri video au picha kubwa. Kwa wengine nafasi ya ziada itakaa tupu, na meza tupu haimwongezei mpishi kasi. Tulimshauri atafute kibao kimoja cha gigabaiti 4 kinachofanana na alichonacho, asimame hapo. Vibao viwili vinavyolingana vikiwekwa katika nafasi zinazotakiwa, mashine huvisoma kwa njia mbili sambamba, jambo lenye faida yake, ingawa kwa kazi za nyumbani faida hiyo ni ndogo kuliko wauzaji wanavyoipamba.

Kabla ya kwenda dukani kuna jambo ambalo limewapotezea wengi fedha. Windows zipo za biti 32 na za biti 64, na zile za biti 32 tunazozikuta katika kompyuta za nyumbani hazivuki gigabaiti 4, na katika hizo sehemu huchukuliwa na vifaa vingine, ikabaki tatu na kidogo. Mtu anaweza kuweka vibao vya gigabaiti 8, vikaingia vizuri, vikaonekana, na mashine isivitumie. Aina ya mfumo huonyeshwa ndani ya "Settings", kwenye "System", kisha "About", palipoandikwa "System type". Ikiwa ni 32 na prosesa inakubali 64, itabidi mfumo uwekwe upya kuanzia mwanzo, na mafaili yote ya familia yatolewe kwanza kwenye diski ya nje. Kazi hiyo ina malipo yake kwa fundi. Iulizwe bei yake mapema, isije ikatokea katikati ya safari.

Sasa vibao vyenyewe. Haviingiliani, na mtu asidanganywe kwamba "vyote ni ramu." DDR2 ni ya mashine za tangu mwaka 2004 hivi, DDR3 ilianza kuingia 2007, DDR4 ikafuata 2014. Ukishika DDR2 na DDR3 mkononi utaona zinafanana sana, zote zina miguso 240 ya rangi ya dhahabu ukingoni, lakini pengo lililokatwa katikati ya ukingo haliko mahali pamoja, na limewekwa hivyo makusudi ili kibao kisicho chake kisiingie. DDR4 ina miguso 288. Hata umeme wao ni mbalimbali: DDR2 hutumia volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2. Anayelazimisha kibao kuingia kwa nguvu ataondoka na mashine iliyovunjika nafasi yake, na hasara hiyo haina waranti. Vibao vya kompyuta mpakato navyo ni vifupi, haviwezi kukaa katika kompyuta ya kawaida ya mezani, isipokuwa zile ndogo sana zinazobandikwa nyuma ya kioo.

Lebo ndiyo shahada ya kibao, na inasomeka. Ukiona imeandikwa PC3-12800, ujue ni DDR3 ya kasi ya 1600. PC3-10600 ni DDR3 ya kasi ya 1333. Viwili hivyo vikikaa pamoja, vyote vitakwenda kwa mwendo wa kile kilicho taratibu. Si kosa, lakini mnunuzi ajue. Baada ya namba hiyo mara nyingi hufuata herufi, na herufi hiyo ndiyo inayopuuzwa. U ni ya kompyuta za mezani za kawaida. S ni ya mpakato. R ni ya seva, zile kompyuta kubwa zinazohudumia ofisi na mitandao. Seva zikivunjwa, vibao vyake huuzwa kwa bei ya kuvutia sana: gigabaiti 8 au 16 kwa bei ya 4. Vinafanana kwa urefu, pengo liko mahali pamoja, vinaingia bila kulazimishwa, na kompyuta ya nyumbani haiwaki. Muuzaji mwaminifu atakwambia. Asiyekuwa mwaminifu, au asiyejua, atakuuliza kama una hakika mashine yako ilikuwa nzima.

Hilo linatufikisha kwenye suala ambalo tumeona tusilipite kwa haraka. Kumbukumbu ni kitu kidogo, chepesi, chenye thamani, kinachotoka kwa sekunde tano na kuingia mfukoni. Zimetufikia habari, zaidi ya mara moja, za mashine iliyopelekwa kutengenezwa kioo au kupigwa Windows, ikarudi inafanya kazi, ila nzito kuliko ilivyokuwa. Mwenyewe hajui kwamba iliondoka na vibao viwili ikarejea na kimoja. Hatusemi mafundi ni wezi. Wengi wao ni vijana wetu, wanaishi kwa jina lao zuri, na wako walioirudishia familia mashine iliyokuwa imekatiwa tamaa wakapokea malipo ya chai. Lakini amana hulindwa na pande mbili, na mwenye mali asiyejua alichokabidhi humweka fundi mwema katika lawama na fundi mbaya katika raha.

Kwa hiyo kabla kasha, lile ambalo wengi huliita sipiyu, halijatoka mlangoni, fungua lile dirisha la Ctrl, Shift na Esc, upige picha kwa simu namba za kumbukumbu, diski na prosesa. Kama unaweza kufungua ubavu wa kasha, piga picha lebo za vibao pia, pamoja na namba zake. Mwambie fundi kwa upole, "Mwanangu, nimezipiga picha, nitazitazama tena tukimaliza." Hakuna fundi wa haki atakayeudhika kwa maneno hayo. Na kibao kipya kikishawekwa, dirisha lile lile lifunguliwe mbele yenu wawili kabla ya malipo. Likisoma 8, lipa na umshukuru. Likisoma 4, kuna jambo halijakamilika, na ni rahisi kulikamilisha mkiwa bado mko hapo hapo. Waranti nayo iandikwe kwenye risiti kwa siku na tarehe, maana "ukiona tatizo uje" si muda unaohesabika.

Wengi wataipeleka dukani, lakini kwa kweli kazi yenyewe haimshindi kijana wa kidato cha pili mwenye mikono mitulivu, na tunaona vema watoto wetu, wa kiume na wa kike, waifanye wakiangaliwa na mkubwa. Kompyuta izimwe kwa utaratibu, waya wa umeme uchomolewe ukutani, kisha kitufe cha kuwashia kibonyezwe sekunde chache ili umeme uliobaki ndani uishe. Kasha lilazwe juu ya meza ya mbao, lisilazwe juu ya zulia. Umeme tuli unaotuama mwilini, ule unaoshtua ukivua nguo ya nailoni wakati wa ukavu, waweza kuua kibao bila mtu kuhisi kitu. Mshikaji aguse kwanza chuma cha kasha kisichopakwa rangi, na arudie kugusa mara kwa mara. Vibao vishikwe kwa kingo zake, vidole visipite juu ya miguso.

Ndani utavikuta vibao vimesimama wima, vimebanwa na vibanio vidogo kwenye ncha. Fungua vibanio vya nafasi tupu, linganisha pengo la kibao na kijimwinuko kilichomo ndani ya nafasi, kisha bonyeza ncha zote mbili kwa dole gumba hadi vibanio virudi vyenyewe kwa mlio. Nguvu inayotakiwa ni kubwa kidogo kuliko mgeni anavyotarajia, na hapo wengi huishia nusu. Ukiwasha ukasikia milio ya "pi, pi" na kioo kikabaki cheusi, usifadhaike: zima, chomoa, kibonyeze upya. Kibao cha mtumba ambacho miguso yake imefifia husuguliwa taratibu kwa kifutio cha penseli, unga wake ukapanguswa, na mara nyingi hicho tu ndicho kilichokuwa kikikosekana. Kisha usiku wa kwanza utumike kwa kipimo cha "Windows Memory Diagnostic," kinachopatikana kwa kuliandika jina lake kwenye sehemu ya kutafutia. Kibao kibovu hakiharibu kazi kwa kishindo. Huikosesha herufi moja hapa, namba moja pale, mashine ikajizima ghafla kila baada ya siku tatu, na mtu akaulaumu umeme.

Wakati kasha liko wazi, vumbi liondolewe kwa brashi laini, hasa kwenye feni ya prosesa. Tena itazamwe betri ya mviringo mfano wa sarafu iliyo kwenye ubao mkuu, yenye maandishi CR2032. Ikifa, kompyuta iliyochomolewa umeme husahau tarehe, na yenye tarehe ya miaka kumi iliyopita hukataliwa na tovuti nyingi kwa madai kwamba si salama. Nyumba kadhaa zimeamini kuwa "intaneti imeharibika" kwa sababu ya kitu ambacho bei yake haizidi ya mkate.

Yapo yasiyotibika kwa kumbukumbu, na tusiwafiche wasomaji. Microsoft walisimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watumiaji wa nyumbani wanaojiandikisha kwa utaratibu maalumu hupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo haizitambui rasmi mashine za zamani. Kwa prosesa za Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Mashine ya mwaka 2012 ikiwekewa hata gigabaiti 32 haitatimiza sharti hilo. Kwa nyumba yenye mashine kama hiyo, njia iliyo wazi ni mfumo wa bure wa Linux Mint, ambao hukubali kuanzia gigabaiti 2 na hupendekezewa 4, na huenda vizuri sana kwenye 8. Kuandika, kusoma, kuchapa na intaneti, vyote vimo. Taabu yake ni kwamba programu fulani za Windows hazimo, na mama wa mitihani lazima ajaribu kwanza kama printa yake inatambuliwa. Inawezekana kuujaribu kutoka kwenye fleshi bila kuifuta Windows, na tunashauri afanye hivyo siku isiyo ya kazi.

Diski nayo tumekwisha igusa. Ile ya sahani ikibadilishwa kwa SSD, ambayo haina kinachozunguka, uwakaji wa mashine hupungua kutoka dakika hadi sekunde. Tunapoulizwa kipi kitangulie, jibu letu hufuata kile kipimo cha mwanzo. Aliyebanwa na kumbukumbu aanze na kumbukumbu, kwa sababu SSD isiyo na kumbukumbu ya kutosha itafanywa stoo ya kukimbilia kila dakika. Mwenye gigabaiti 8 tayari, aanze na diski.

Kuhusu bei hatuandiki namba, maana itakuwa imepitwa gazeti hili likifika mikoani. Ulizeni maduka matatu, mkiwa na picha ya lebo mkononi. Mjue pia kwamba tangu mwishoni mwa 2025 bei ya kumbukumbu imepanda duniani. Chipu hizi kwa sehemu kubwa hutoka kwa makampuni matatu, Samsung na SK Hynix ya Korea Kusini na Micron ya Marekani, nayo yameelekeza uzalishaji kwenye vituo vikubwa vya akili mnemba vinavyolipa zaidi. Desemba 2025 Micron walitangaza kwamba wanaacha kuwauzia watu wa kawaida vibao vyao vya jina la Crucial. Mpanda huo umegonga zaidi vibao vipya. Vya DDR3 vinavyouzwa kwetu vingi hutoka kwenye mashine zilizovunjwa, kwa hiyo bei yake hutegemea sana duka na uelewa wa mnunuzi.

Mama wa Mbagala alikipata kibao chake, cha mtumba, chenye herufi U, na mwanawe wa kidato cha tatu akakiweka. Kwa kazi zile zile alizotupimia, sasa mashine hutumia gigabaiti 4.9 kati ya 8, na diski hutulia chini ya asilimia 20 akiwa anachapa. Bado huchukua dakika tatu kuwaka, kwa sababu diski ni ile ile. Hiyo ameiahirisha hadi baada ya mitihani ya muhula. Ada ya binti haikuguswa.

Wale watakaotoa vibao vidogo ili kuweka vikubwa, wasiviache dukani. Kibao cha gigabaiti 2 kilicho kizima chaweza kuikwamua mashine ya madrasa au ya jirani, na kikifungwa ndani ya ile mifuko ya rangi ya fedha inayozuia umeme tuli hukaa miaka. Vilivyokufa visitupwe kwenye moto wa taka uani, maana moshi wa bodi hizi una sumu na watoto hucheza hapo hapo. Vikusanywe kwenye boksi moja na betri zilizokwisha, apelekewe fundi au mnunuzi wa vyuma chakavu anayechukua vifaa vya elektroniki.